Mashine Iliyozirai Saa Tatu

Mtu anayevua viatu kazini mimi simwamini. Nyumbani kwako vua mpaka uchoke. Lakini mtu mzima, mwenye mvi kidevuni, anafika kwenye mlango wa chumba cha seva, anainama, anafungua kamba, anavipanga viatu ukutani kama anaingia kulala, halafu anazama ndani na soksi za kijivu. Akitoka humo hasikiki. Unageuka kuchukua faili, unamkuta nyuma yako anakusalimia kwa sauti ya chini. Alisema ni kwa ajili ya vumbi, eti mashine haipendi vumbi. Tukambatiza Soksi, na wala hakukasirika, jambo ambalo nalo sikulipenda. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Mimi ni mkuu wa mapokezi katika hospitali ya mifupa. Miaka ishirini na mbili nimekaa dirisha la kwanza. Kila mtu ananiita Shangazi, kuanzia mfagizi hadi mkurugenzi, na wagonjwa nao wamedakia. Nina ulimi, sikatai. Ukija na mguu wa plasta bila karatasi ya miadi nitakufokea kwanza, halafu nitakutafutia kiti. Nani wa kunibadilisha sasa?

Soksi alikuwa fundi wetu wa kompyuta, wa mkataba. Miezi sita inaisha, anapewa mingine sita, hivyo hivyo mpaka mwaka wa pili. Kazi yake kubwa ilikuwa hiyo seva, mashine inayokaa peke yake katika chumba kilichokuwa stoo ya magongo, na ndani yake mna tovuti yetu. Mgonjwa aliyeko mbali anaifungua tovuti kwa simu, anaona siku zilizo wazi, anachagua, anakuja. Sisi madirishani tunafungua tovuti hiyo hiyo kuona nani anakuja. Ikilala mashine, tumelala wote.

Na ilikuwa inalala hasa. Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, tukifungua madirisha tu, ukurasa unaganda. Kile kiduara kinazunguka mpaka macho yanauma. Benchi zimejaa watu wa magongo, mtoto analia, mzee kashika nyonga yake, na mimi nimekaa kama sanamu mbele ya kompyuta. Inarudi saa nne, siku nyingine saa nne na nusu. Mchana iko safi kabisa. Kesho yake, yale yale.

Dawa yake nilikuwa nayo mimi, au ndivyo nilivyojiona. Kuna ukurasa tuliouita Orodha Kubwa, una wagonjwa wote tangu tovuti ianze, miaka mitatu, jina, mfupa na tarehe. Niligundua zamani kwamba mashine ikigoma, ukifungua Orodha Kubwa ukabonyeza, ukabonyeza tena, na tena, mwishowe inakubali. Basi nikaweka utaratibu. Saa tatu kamili kila mwenye kompyuta jengo zima, mapokezi, chumba cha plasta, eksirei, dirisha la dawa, wodini, mashine thelathini na nne, anafungua Orodha Kubwa na kubonyeza bila huruma. Wa kwanza kufunguliwa anapaza sauti, "Imeamka," na kazi inaanza. Tuliita kuamsha mashine. Wafanyakazi wapya niliwafundisha mwenyewe siku ya kwanza, hata kabla ya kuwaonyesha choo.

Mwanzoni mwa mwezi ule mkurugenzi alituita sisi wakuu wa vitengo pamoja na Soksi. Mkurugenzi wetu ni mtu wa suti na haraka, hata kikao anakiendesha akiwa amesimama. Akasema malalamiko yamemfika shingoni. "Mpaka mwisho wa mwezi," akamwambia Soksi. "Tovuti ikiendelea kulala, kazi hii naipa kampuni ya nje, na mkataba wako hautakuwa na mwingine."

 Soksi akasema, "Naomba kwanza niweke kipimo kwenye seva."

"Kipimo cha nini?"

"Cha mashine yenyewe. Kitaandika kila dakika inatumia nguvu kiasi gani, imeombwa kurasa ngapi, nani kaomba ukurasa gani na kajibiwa baada ya sekunde ngapi. Sasa hivi tunabahatisha tu."

Mkurugenzi akakubali akiwa ameshafika mlangoni. Mimi nikabaki na lile neno la nani kaomba nini. Nilitoka mle nikijua, kama ninavyojua jina la mama yangu, kwamba kipimo kile ni chetu sisi. Miezi mitatu nyuma palikuwa na fununu kwamba madirisha manne ya mapokezi yatapunguzwa yabaki mawili. Lisemwalo lipo. Nikamwambia mwenzangu wa dirisha la pili, yule tunayemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haujui mapumziko, "Huyu kaletwa kutuhesabu." Kufika mchana hospitali nzima ilikuwa inajua.

Lazima niseme kidogo habari za mtu mwenyewe, maana sikuwa namchukia hewani tu, nilimfanyia uchunguzi. Mdogo wangu amepanga nyumba moja naye, milango inatazamana. Alinieleza kwamba Soksi anaishi na mkewe, fundi cherehani, na binti mmoja wa miaka minane. Soksi zake anafua mwenyewe kila jioni, jozi sita, anaanika kwa mpangilio. Hapigi domo na majirani. Akikuta taa ya ngazini imekufa, anabadilisha bila kumwambia mtu. Mdogo wangu alisema hayo kwa kumsifu, mimi nikayasikia vingine. Mtu gani hana kasoro hata moja ya kusimuliwa?

Binti ndiye niliyemjua mwenyewe, kwa faili lake. Alizaliwa na matege, miguu yote miwili imepinda nje kama mabano. Sababu ya Soksi kuacha kazi ya kudumu kwingine na kuja kwetu kwa mkataba ilikuwa hiyo. Hospitali yetu ina orodha ya pembeni ya watoto wa wafanyakazi, hawapangi foleni ya upasuaji na watu wa nje. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshanyooshwa mwaka uliopita, ukapona vizuri. Wa kulia ulipangiwa mwezi ujao. Kwa hiyo mtoto alikuwa anatembea na mguu mmoja ulionyooka na mmoja uliopinda, anayumba, na shuleni walishampa jina ambalo sitalirudia. Baba akipoteza mkataba, mtoto anatoka kwenye orodha. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa kuwa orodha ninaishika mimi.

Wiki ya kwanza alizunguka na saa ya mkononi na kijidaftari. Anakuja nyuma ya Chiriku, anamwomba afungue ukurasa wa miadi, anatazama saa, anaandika. Anakwenda dirisha la tatu, hivyo hivyo. Nikamwacha amalize, nikamwita.

"Baba, unaandika nini?"

"Sekunde, Shangazi. Ukurasa unachukua sekunde ngapi kufunguka hapa dirishani. Nalinganisha na zile zinazoandikwa na kipimo kule kwenye seva."

"Na majina yetu unaandika?"

"Naandika namba ya kompyuta."

"Kompyuta haikai yenyewe. Inakaliwa na mtu."

Akacheka kidogo, kwa adabu, na hapo ndipo aliponichefua zaidi. Akasema, "Shangazi, ukimpima mtu homa, lazima ujue joto lake akiwa mzima ni kiasi gani. Wiki hii nataka kujua joto la mashine ikiwa nzima. Wiki ijayo nitajua inaugua wakati gani na imekula nini."

Maneno matamu. Nikajiambia huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Halafu ikaja habari ya simu. Soksi alifunga kitu ndani ya kile kipimo, ukurasa ukizidi sekunde tatu kujibu, simu yake inatetemeka. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilichokiona mimi ni kwamba kila saa tatu na dakika moja, popote alipo, mfuko unanguruma, mtu anaacha chai, anaacha mazungumzo, anaondoka mbio na soksi zake. Nani anampigia kila siku saa ile ile? Chiriku akasema ni mwanamke. Mimi nikasema wanawake hawana ratiba kama hiyo, huyo ni mtu wa kampuni ya nje anayepokea taarifa zetu. Mdogo wangu naye akaongeza kuni, akasema kamwona kupitia dirisha nyumbani kwake, Jumapili mchana, amekaa mbele ya kompyuta yenye mistari ya kijani na nyekundu, na juu yake jina la hospitali yetu. Kazi ya hospitali nyumbani, Jumapili, bila kuagizwa. Dalili ya mvua ni mawingu.

Wiki ya pili mkurugenzi akataka kuona mwenyewe. Akaagiza skrini kubwa itundikwe ukutani pale mapokezi, mkabala na dirisha langu. Soksi akapanda ngazi akaitundika. Ilikuwa na mstari mmoja unaotambaa toka kushoto kwenda kulia, unapanda na kushuka, na chini yake saa. Asubuhi alfajiri umelala chini. Saa tatu unapanda kama ukuta. Mchana unashuka, unatembea polepole.

Nikautazama ule mstari siku mbili. Ukipanda, ni saa tunazofanya kazi. Ukishuka, ni saa tunazopumua. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nikawaita wenzangu wa madirisha manne, nikapitisha habari vitengo vyote: wanataka kuona kazi, tuwaonyeshe kazi. Kuanzia kesho Orodha Kubwa isifunguliwe saa tatu tu. Ifunguliwe na saa tano, na saa nane. Anayepata nafasi abonyeze. Mstari usionekane umelala hata dakika moja ukasema mapokezi wamelala.

Basi mashine ikaanza kuzirai mara tatu kwa siku. Sisi tukiutazama mstari ulivyo juu, tunapeana vidole gumba. Nawaambia ukweli, tulikuwa na furaha. Soksi akawa anatembea na macho mekundu, ndevu hajanyoa, simu inanguruma mpaka akaizima sauti akabaki anaishika mkononi. Nikafikiri, umeona eeh, umekuja kutuchimba umekuta mwamba.

Na nikaandika barua. Haya yangu iko hapa, na siifichi. Niliketi mapumziko ya mchana nikaandika kwa mkurugenzi kwamba fundi wa kompyuta anafanya biashara zake binafsi ndani ya mashine ya hospitali, anapigiwa simu za siri kila asubuhi, na amehamishia mambo ya hospitali nyumbani kwake. Sikutia sahihi. Niliisukuma chini ya mlango wa katibu wake nikarudi kumaliza chai yangu, na bado ilikuwa ya moto.

Wiki ya mwisho, siku ya Jumanne, Soksi alikuja dirishani kwangu baada ya wagonjwa kuisha. Alikuwa na karatasi mbili. Akaomba kuketi. Hakuwa na uso wa ushindi, alikuwa na uso wa mtu anayekuja kuomba chumvi.

"Shangazi, nimeipata."

"Umepata nini?"

Akaiweka karatasi ya kwanza mbele yangu. Ilikuwa ni mstari ule ule, ila umechorwa rangi mbili. Kijani ni wagonjwa wa nje. Nyekundu ni kompyuta za humu ndani. Kijani kilikuwa uzi mwembamba chini kabisa. Nyekundu ndiyo ilikuwa ukuta wote.

"Tatizo si wagonjwa kuwa wengi," akasema. "Tatizo ni Orodha Kubwa. Ukibonyeza mara moja, seva inakwenda kusoma wagonjwa wote wa miaka mitatu. Haijarudi, unabonyeza tena. Haiachi ile ya kwanza, inaanza na ya pili juu yake. Ni kama kumtuma mtu wa stoo akuletee stoo nzima, na kabla hajafika mlangoni unamtuma tena stoo nzima. Sasa wanaomtuma ni thelathini na wanne."

Nikamwambia, "Sisi tunaiamsha. Bila sisi isingeamka."

"Saa nne inaamka kwa sababu mnachoka kubonyeza," akasema taratibu.

Nakumbuka damu ilinipanda mpaka masikioni. Karatasi ya pili ilikuwa fomu. Orodha Kubwa ni ukurasa wa mapokezi, na kwa sheria zetu hawezi kuufunga bila sahihi ya mkuu wa mapokezi. Akaniwekea na kalamu. Akasema badala yake atatengeneza ukurasa wa wagonjwa wa siku hiyo tu, utafunguka kabla sijapepesa macho.

Nikaisukuma fomu. "Sitii sahihi kitu nisichokielewa."

"Basi usitie. Naomba kesho tu, siku moja, msibonyeze. Mkurugenzi atashuka saa tatu kuangalia skrini. Tovuti ikisimama wima kesho, mimi nimebaki kazini. Mtoto wangu anaingia upasuaji tarehe kumi na mbili."

Alilitaja la mtoto mara moja hiyo tu, na macho yake yalikuwa kwenye fomu. Mtu mwingine angelainika. Mimi nikasikia jambo moja: mkurugenzi anashuka kesho kuangalia skrini, na huyu anataka mstari wetu uwe chini. Yaani siku ya kukaguliwa tuonekane tumekaa tunachambua kucha. Nikajitia hamnazo, nikasema, "Sawa baba, nimekusikia."

Akashukuru. Alinyanyuka akiwa mwepesi, hata akasahau kalamu yake.

Jumatano mkurugenzi alishuka saa tatu kasoro dakika tano, akasimama chini ya skrini mikono nyuma. Soksi alisimama karibu naye, amenyoa. Mstari umelala. Saa tatu kamili jengo zima likabonyeza. Niliwaambia siku hiyo mara mbili ya kawaida, na wenzangu hawaniangushi. Mstari ukapanda mpaka ukagota juu, skrini ikawa nyekundu, halafu hata skrini yenyewe ikaganda. Mashine ilikufa kabisa. Haikurudi saa nne wala saa tano. Ilirudi saa saba, na katikati hapo kuna mama alikuwa kasafiri tangu jana yake kuleta mtoto wa plasta, aliondoka bila kuonwa na daktari, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba ana miadi.

Soksi hakupiga kelele. Alinitazama mara moja toka kule kwenye skrini. Nilijifanya napanga faili.

Kikao kikawa mchana huo huo. Wakuu wa vitengo tulikaa, mkurugenzi kasimama. Soksi akaeleza kama alivyonieleza, akaonyesha karatasi ya rangi mbili. Mkurugenzi akaitazama.

"Kwa hiyo unasema tunajiua wenyewe."

"Ndiyo. Maombi haya yanatoka ndani ya jengo."

"Chumba gani?"

"Karibu vyote."

"Vyumba vyote haviwezi kuamka siku moja vikafanya kitu kimoja saa ile ile. Kuna mtu kaagiza. Nani?"

 Wakuu wote walikuwa wanajua, maana wote nimewafundisha. Waliangalia meza. Mimi nilikuwa naangalia mkono wangu. Nilitaka kusema, hilo nataka liaminike. Neno lilifika kwenye koo. Nikafikiri miaka ishirini na mbili, madirisha manne yabaki mawili, na nikameza mate, na neno likashuka nayo.

"Sikuweka kipimo kutafuta mtu," Soksi akasema. "Nilikiweka kutafuta tatizo."

Mkurugenzi akafungua faili akatoa barua yangu. Niliitambua kwa mkunjo. Akasema, "Mimi nina taarifa nyingine kuhusu kinachoilemea mashine hii. Unapigiwa simu za nini kila asubuhi? Na nyumbani kwako unafanya nini na mashine ya hospitali?" Soksi akaanza kueleza habari ya simu kutetemeka, na kwamba nyumbani alikuwa anautazama mstari, lakini kitu cha kweli kikielezwa baada ya barua kama ile kinakuwa na harufu ya uongo. Na mtu anayejua jina akakataa kulitaja, atakuwa analilinda la nani kama si lake? Hivyo ndivyo mkurugenzi alivyosema, kwa maneno hayo. Mkataba ulikuwa na siku tatu kuisha. Haukupata mwingine.

Ijumaa alichukua viatu vyake mlangoni pa chumba cha seva, akavaa, akaondoka. Aliaga kila dirisha, na langu pia.

Kampuni ya nje ikaja Jumatatu, watu wawili. Walikuta kipimo cha Soksi kikiendelea kuandika. Walikisoma asubuhi moja, na kabla ya chakula cha mchana mkurugenzi mwenyewe akaniletea fomu ya kufunga Orodha Kubwa. Nikatia sahihi. Wakaweka ukurasa wa wagonjwa wa siku. Saa tatu ya Jumanne nikaufungua, ukafunguka kabla sijapepesa macho. Chiriku akasema kumbe kampuni hawa ni wataalamu kweli. Nilimwambia afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alifunga.

Wiki mbili zikapita. Nilikuwa nalala vibaya. Mdogo wangu hakuwa ananiletea habari tena, nilimwambia sitaki.

Siku ya Alhamisi, saa nne, nikaita namba inayofuata, na waliokuja dirishani ni Soksi na binti yake. Alikuwa ameomba miadi kwa simu yake, kupitia tovuti, kama mtu mwingine yeyote. Mtoto aliegemea ukingo wa dirisha langu kwa upande wa mguu uliopinda. Akanisalimia vizuri, Shangazi shikamoo, nikaitika.

Nikafungua ukurasa. Nafasi ya kwanza ya upasuaji kwa watu wa nje ilikuwa baada ya miezi minane. Zamani ningemsogeza juu kwa kidole kimoja. Kampuni imefunga hilo nalo, siku hizi orodha haiguswi na mkono. Nilitazama ile tarehe nikatafuta nyingine chini yake, juu yake, hakuna.

"Miezi minane," nikasema.

"Nimeiona kwenye simu," akasema Soksi. "Nimekuja kuchukua karatasi tu."

Nikachapisha karatasi.  Nikainama karibu na tundu la dirisha ili wa nyuma wasisikie. "Kwa nini hukunitaja siku ile?"

Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Hakuwa na hasira, na ningeomba awe nayo.

"Nilidhani utasema," akajibu.

Wakaondoka. Mtoto alimshika baba mkono, hatua moja ndefu, moja fupi, mpaka mlango mkubwa. Nikamwambia Chiriku anishikie dirisha. Nikapanda ngazi mpaka kwa mkurugenzi, sikusubiri katibu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kama anavyosimama yeye: kuamsha mashine ni mimi, kubonyeza mara mbili siku ile ni mimi, fomu niliyoikataa, barua isiyo na sahihi. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilitaka nifukuzwe, nikalale usingizi.

Akanisikiliza mpaka mwisho huku anatazama saa. Akasema, "Yaliyopita si ndwele, Shangazi."

Methali hiyo ina nusu ya pili, na kila mtu anaijua. Nikamwambia, "Basi tugange yajayo. Mrudishe mtoto kwenye orodha ya wafanyakazi."

"Baba yake si mfanyakazi wetu," akasema. "Utaratibu ni utaratibu, wewe ndiye uliyetufundisha hilo hapa." Kisha akaniambia nirudi dirishani, watu wananingoja.

Nikashuka. Walikuwa wengi kweli, na tovuti ilikuwa inafanya kazi vizuri.